Kwa Nini Niliifuta Video ya Sime ya Guka

Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza ile video ya sime ilienda wapi. Ile niliyoanza nikiwa na sime nyeusi ya kutu, nikamaliza ikiwa inang'aa hadi unajiona uso. Ndiyo video yangu iliyotazamwa zaidi tangu niache chuo. Niliifuta mwezi uliopita. Hakuna mtu alinilazimisha, hakuna aliyeniripoti. Leo nawaambia sababu, lakini itabidi tupitie Japani kwanza, kwa hivyo vumilieni.

Sime ilikuwa ya guka. Alifariki nikiwa darasa la sita. Mimi ndiye niliyepewa jina lake, kama mnavyojua kwetu Murang'a mtoto wa kwanza wa kiume anaitwa jina la babu mzaa baba. Ndiyo maana shosho akitaka kunichekesha huniita "mzee wangu." Mwaka juzi alinitolea hiyo sime chini ya kitanda, imefungwa kwa gunia, akasema, "Itunze." Hakuongeza neno lingine.

Yeye alisema itunze, mimi nikasikia kontenti. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa jua kali hapa Githurai. Tukaipiga grainda, tukaja na msasa mkali, halafu msasa laini, halafu dawa ya kung'arisha. Fundi alitaka kuvua na mpini pia, ukakataa kutoka, tukauacha. Nikaikata video ikawa sekunde hamsini, nikaweka muziki, nikapakia. Maoni yote yalikuwa moto, moto, moto.

Isipokuwa ujumbe mmoja. Dada mmoja Mkenya anayesoma Okayama, Japani, aliniandikia: "Kijana, kamera yako iko sawa. Lakini hiyo sime hujaisafisha, umeifuta. Ungefanya hivyo huku, kuna wazee wangelia." Nilimjibu kwa madharau, nakubali. Nilimwambia, "Madam, ni chuma tu." Hakukasirika. Alinitumia picha ya kipande cha chuma chenye kutu nyeusi kabisa, kimechongwa maandishi ya Kijapani, akaniambia nitafute neno nakago.

Sasa mimi nilidhani najua panga za Kijapani. Nimekulia kwa anime kama ninyi. Niliwahi hata kuweka video nikisema kwa sauti nzito kwamba katana hukunjwa mara elfu moja ikitengenezwa. Uongo. Chuma hukunjwa mara kumi hivi, kumi na tano. Piga hesabu: ukikunja mara 10 unapata tabaka 1,024, ukikunja mara 15 unapata 32,768. Maelfu ni tabaka, si mikunjo. Hiyo hesabu ingeweza kufanywa na mtoto wa gredi ya nane, na mimi nilikuwa nimefika chuo kikuu.

Turudi kwa nakago. Upanga wa Kijapani unafunguka vipande vipande. Ukitoa kijiti kidogo cha mwanzi kinachoitwa mekugi, mpini unavuka, kinga ya mkono inatoka, na unabaki na chuma kitupu. Ule mkia wa chuma uliokuwa umejificha ndani ya mpini ndio nakago. Hapo ndipo mhunzi huchonga jina lake, pengine na mahali alipoishi na tarehe. Bapa la juu hung'arishwa na fundi maalum anayeitwa togishi, kwa mawe moja baada ya jingine, kutoka lenye chembe nene hadi laini kabisa. Lakini kwa nakago hakuna anayegusa. Kutu yake inaachwa kama ilivyo.

Nilimuuliza huyo dada, kwani hiyo si uchafu? Akanieleza vizuri. Kutu inayojijenga polepole kwa mamia ya miaka inakuwa kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, na laini ukiitazama. Anayejua kusoma ataangalia rangi hiyo, aangalie mikwaruzo ya tupa aliyotumia mhunzi imelala upande gani, umbo la ncha ya mkia, matundu ni mangapi, ndipo akwambie upanga ni wa lini na wa wapi. Mtu akighushi jina la mhunzi maarufu juu ya chuma cha zamani, mara nyingi kutu ndiyo inamuumbua, kwa sababu ndani ya herufi haifanani na ya pembeni. Kwa hivyo ukiipiga msasa nakago, upanga unabaki mkali vilevile, ila shahidi wake umemuua. Na thamani inaanguka papo hapo.

Nililala vibaya siku hiyo, nikifikiria grainda.

Baada ya hapo nikaingia ndani kabisa ya hii dunia. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba kutunza upanga wa zamani ni kazi ya kuzuia mkono wako. Hushiki chuma kwa vidole, maana jasho linaacha alama, na alama inageuka kutu nyekundu. Huongei ukiwa umeinamia bapa, mate ni maji. Ukiuchomoa kwenye ala, makali yanatazama juu ili yasikwaruze mbao. Unafuta mafuta ya zamani kwa karatasi laini, pengine unagongagonga unga mwembamba wa jiwe la kunolea, unaoitwa uchiko, unafuta tena, halafu unapaka mafuta mapya, utando mwembamba tu. Na hata huo unga, wakusanyaji wengi wa siku hizi wanautumia kwa uchache sana, kwa sababu nao unakwaruza kidogo kidogo.

Hayo mafuta yanaitwa choji. Choji ni karafuu. Naam, karafuu ile ile ya pilau, ile ambayo Unguja na Pemba zinajulikana nayo. Siku hizi huwa ni mafuta ya madini yaliyotiwa harufu ya karafuu, lakini jina limebaki. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu kejani.

Kuna na ala ya kulalia. Upanga hauhifadhiwi kwenye ala yake ya kifahari yenye rangi ya kung'aa. Unawekwa kwenye ala nyeupe ya mbao tupu, shirasaya, iliyochongwa kwa mti laini wa honoki. Vipande viwili vya mbao hiyo hushikanishwa kwa gundi ya wali. Wali, wasee! Sababu ni kwamba gundi hiyo ni dhaifu: ndani kukiingia kutu au uchafu, fundi anaipasua ala katikati bila kuiharibu, anaisafisha, anaigandisha tena. Mtu alikaa chini akafikiria jinsi kitu chake kitakavyofunguliwa na mtu mwingine ambaye bado hajazaliwa.

Halafu kuna jambo la kung'arisha. Kila mara togishi anapoufanyia upanga kazi, anaondoa chuma kidogo. Ukirudiwa mara nyingi mno, ngozi ya nje inaisha na chuma cha ndani kinaanza kuonekana. Wenyewe husema upanga umechoka. Hauwezi kuchokolewa. Kwa hivyo swali la kwanza la mkusanyaji mzuri ni kama kuna haja ya kuung'arisha kabisa. Mimi swali langu la kwanza lilikuwa kamera iko wapi.

Msidhani Wajapani wote walizaliwa na nidhamu hiyo. Mwaka 1876 serikali ya Meiji ilipiga marufuku watu kutembea na panga hadharani, isipokuwa wanajeshi, polisi na wakubwa wachache. Mafundi wakakosa kazi ghafla. Kano Natsuo, mmoja wa mafundi wakubwa wa mapambo ya panga, aliishia kuchonga michoro ya sarafu mpya za nchi. Mwaka 1945, baada ya vita, wanajeshi wa Marekani walikusanya panga kama silaha. Nyingi ziliharibiwa, nyingi zilisafiri kwenye mabegi ya wanajeshi hadi Marekani kama kumbukumbu. Honjo Masamune, upanga uliokuwa mikononi mwa ukoo wa Tokugawa na uliotangazwa hazina ya taifa mwaka 1939, ulikabidhiwa wakati huo na haujaonekana tena mpaka leo. Na kati ya zile zilizofika ughaibuni, kuna zilizokutana na watu kama mimi: mtu ana gereji, ana mashine ya kunolea, ana muda wa wikendi.

Lakini kuna mkusanyaji mmoja ambaye nampenda. Walter Compton, Mmarekani, mkuu wa kampuni ya dawa huko Indiana. Alikuwa na moja ya mikusanyo mikubwa ya panga za Kijapani nje ya Japani. Akaja kugundua kwamba upanga wake mmoja, kazi ya mhunzi Kunimune, ni hazina ya taifa iliyopotea baada ya vita kutoka hekalu la Terukuni, Kagoshima. Mwaka 1963 akaurudisha, bila kudai malipo. Angeweza kunyamaza. Nadhani alielewa kwamba anaushikia tu.

Mimi sina upanga. Upanga halisi wenye hati unaweza kukununulia gari la mtumba. Na huko Japani kwenyewe kuna sheria ya mwaka 1958 inayosimamia bunduki na panga: kila upanga una cheti cha usajili kinachoandamana nao popote, ukiununua una siku 20 kutoa taarifa kwamba mwenyewe sasa ni wewe, na kuutoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Nilichonacho mimi ni tsuba moja.

Tsuba ni ile kinga ya mkono, sahani ndogo ya chuma kati ya mpini na bapa. Kuna za kifahari za dhahabu na shakudo, ambayo ni shaba iliyochanganywa na dhahabu kidogo hadi inapata ngozi nyeusi yenye ubluu. Ukisugua shakudo na dawa ya kung'arisha, hiyo ngozi inaenda na hurudishi. Yangu si ya hivyo. Ni ya chuma cha kawaida, mviringo, haina jina la mtu, na ilinigharimu karibu kodi ya mwezi mmoja ya keja yangu. Mathe aliniuliza kama nimerogwa.

Lakini hebu itazame. Katikati ina tundu la pembetatu refu ambamo nakago hupita. Juu na chini ya tundu kuna vipande vidogo vya shaba vilivyopachikwa ili chuma kisicheze. Kando yake kuna alama za patasi, mtu alikuwa akibana tundu litoshee. Hiyo inaonyesha tsuba ilirekebishwa ili ikae kwenye bapa fulani, na pengine ilihama kutoka upanga mmoja hadi mwingine. Kuna mtu aliikunja mikono kazini akitengeneza hiyo shaba, na simjui jina, na kazi yake bado imeshika.

Ilikuja na doa la kutu nyekundu upande mmoja. Kutu nyekundu ndiyo mbaya, iko hai, inakula. Ile nyeusi inaachwa. Wazee wa kazi hii walikuwa wakiondoa nyekundu kwa kipande cha pembe ya ndovu, kwa sababu ni kigumu kuliko kutu lakini ni laini kuliko chuma. Pembe ya ndovu hapa kwetu ni jela moja kwa moja, na ni haki. Nikaenda kwa bucha, nikaomba mfupa wa ng'ombe, nikauchemsha, nikauchonga ncha. Nikaanza kusugua. Dakika kumi kila jioni, halafu kitambaa cha pamba. Ilichukua wiki tano doa kupungua. Hakuna video ya hiyo. Ningeiweka mngelala.

Nikifanya hiyo kazi ndipo nilianza kufikiria kitu kingine, na hii ni ngumu kidogo kuisema hapa.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa sababu, uvivu pia ulikuwa sababu, nisiwadanganye. Lakini kwenye wasifu wangu nilikuwa nimeandika "Mhandisi." Ilikuwa inanisaidia. Kampuni ndogo ndogo zilikuwa zinanipa matangazo ya vifaa kwa sababu ya hilo neno.

Panga zenye jina la kughushi zina neno lake: gimei. Jina zuri juu ya kazi ya mtu mwingine. Wakaguzi wa chama cha kuhifadhi panga, NBTHK, kilichoanzishwa mwaka 1948, hawatoi hati kwa upanga wa hivyo. Upanga wenyewe unaweza kuwa mzuri tu, chuma safi, umbo safi. Shida ni jina. Kuna wamiliki ambao hulazimika kumpa fundi aliondoe lile jina kabisa, upanga ubaki bila jina, ndipo upelekwe kukaguliwa tena kwa kazi yake.

Na kuwa bila jina si aibu. Panga nyingi za zamani zilikatwa zikawa fupi kwa sababu mtindo wa kupigana ulibadilika, na zilikatwa kutoka upande wa mkia, kwa hivyo jina likaenda na kipande. Zinaitwa mumei. Kule Okayama anakosoma yule dada kuna mji mdogo wa Setouchi, wenye jumba la makumbusho la panga huko Osafune, eneo lililojaa wahunzi tangu zamani. Mwaka 2020 mji huo ulinunua upanga mmoja wa karne ya 13, Sanchomo, hazina ya taifa, kwa yeni milioni 500 zilizotafutwa kwa michango. Upanga huo hauna jina la mhunzi. Wataalamu wanausoma kutoka kwa kazi yake, mawimbi ya makali yake yanayofanana na manyoya ya ndege, wanasema ni wa wahunzi wa Ichimonji.

Nikabadilisha wasifu wangu usiku mmoja. Nikaandika jina langu na kile ninachofanya, basi. Tangazo moja nililipoteza. Mathe bado anataka nirudi chuo nipate karatasi, na simwambii amekosea, maana hata panga za Japani zina karatasi na zinaheshimiwa. Nilichoacha ni ile ya kujiandikia mwenyewe.

Ikabaki shosho.

Nilienda nyumbani mwezi uliopita na sime. Nilikuwa sijamwonyesha tangu aliponipa. Aliifungua, akaiangalia vile inang'aa, akasema, "Imekuwa mpya." Halafu akaanza kupitisha kidole gumba karibu na mpini, polepole, anatafuta kitu. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Akauliza, "Ile mikato mitatu iko wapi?"

Sikujua kulikuwa na mikato. Nilidhani ni makovu ya kazi.

Akaniambia ilikuwa alama ya mhunzi. Aliipiga hapo alipomaliza, mbele ya guka, na guka akiwa amekaa jioni alikuwa na mazoea ya kuipapasa kwa kidole akiongea. Nikamwambia ukweli. "Shosho, niliipiga mashine. Nilitaka watu waione." Akanyamaza. Akauliza, "Kwa hivyo haipo tena?" Nikasema, "Haipo, shosho." Akarudisha sime mezani, akaenda kumpa ng'ombe nyasi.

Hiyo ndiyo siku nilifuta video.

Usiku baada ya chakula alianza kuongea mwenyewe. Jina la mhunzi, kiwanda chake kilikuwa ng'ambo gani ya mto, chuma kilitoka kwa springi ya lori lililoharibika barabarani, guka alilipa nini. Niliandika kwa kitabu, kurasa nne. Sikurekodi, na majina siyaweki hapa. Ni mengi kuliko alama yenyewe ingeniambia, lakini kama asingekuwa hai kuyasema, yangekuwa yameisha kwa ile sekunde ya ishirini na mbili ya video yangu, pale cheche zinaruka.

Kabla ya kulala akashika sime tena, akagonga mpini na ukucha. "Huku ndani mliingia?" Nikamwambia mpini ulikataa kutoka. Akatikisa kichwa mara kadhaa. "Basi kuna kidogo kimebaki."

Fundi wangu wa Githurai ananiambia siku hizi ana kifaa kipya, anaweza kuupasua ule mpini kwa dakika mbili tuone chuma cha ndani kikoje. Nimemwambia aache. Sime imepakwa mafuta kidogo, imefungwa kitambaa cha pamba, iko kabatini karibu na tsuba. Ikitoa kutu nyekundu nina mfupa wangu. Ikianza kuwa nyeusi tena, nitaiacha.

Na wewe, kama kwenu kuna sufuria ya shosho, kisu, kigoda, redio ya zamani: kabla hujaigusa na msasa, piga picha, halafu kaa na mwenyewe umuulize kila alama ni ya nini. Muulize angali hapo.